Fidla ya Pili

Espé alipofariki, mumewe alinipigia simu mimi kabla ya baadhi ya ndugu zake, na nitasema kweli: kabla huzuni haijafika, nilijisikia fahari kidogo. Nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuambiwa. Nakaribia miaka sitini, magoti yananilalamikia nikipanda ngazi, na bado naangalia nani ametangulia na nani amefuata. Kisha huzuni ikaja, ikaniketisha kitandani nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Mumewe anaitwa Justin, mtu mpole ambaye tangu nimjue hajawahi kumaliza maneno matatu bila kuomba radhi. Akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kama mkewe alivyoniita, alisema matanga yatakuwa Jumamosi, katika ukumbi ulio nyuma ya basilika pale Koekelberg, mtaa wetu wa zamani huku Ulaya, na kwamba kuna ombi. "Yaya Mado, pardon, Maman Albertine iko anaomba upige ile muziki yenu. Ile ya zamani, mulipigaka na Espé. Anasema bila ile, matanga haiko matanga."

Nilijua mara moja ni muziki gani. Ni sonata ya kale ya Kitaliani, iliyotungwa ipigwe chumbani na watu wachache, zama zile wanaume wakubwa walipovaa nywele za bandia na kusikiliza muziki huku wakila. Karatasi zake ni tatu lakini wapigaji ni wanne. Fidla ni mbili, kila moja na karatasi yake. Karatasi ya tatu ni ya besi, na hiyo husomwa na watu wawili kwa pamoja: mwenye violoncelle, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, na mwenye clavecin, kinanda cha zamani ambacho ndani yake nyuzi hudonolewa badala ya kugongwa. Huyo wa clavecin hakuandikiwa kila kitu. Juu ya nota za besi kumewekwa tarakimu tu, na yeye hujazia mengine kwa masikio yake. Lakini linalonihusu mimi ni hili la fidla mbili. Muziki huo haupigwi na fidla moja. Mtu akitaka kuwa wa kwanza ndani yake, lazima amtafute wa pili. Na mimi nilimtafuta mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamleta hadi chumbani kwangu.

Habari za wazazi wangu, za Lubumbashi, na za padri aliyenitia fidla mkononi nitaziacha. Hapa nataka mwaka mmoja tu, ule nilioishi kwa Maman Albertine. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mjane wa Katanga aliyepanga ghorofa ya pili ya nyumba nyembamba Koekelberg: jiko, sebule yenye kochi lililofunikwa plastiki, chumba chake, na chumba changu ambacho ukuta wake ulipakana na jiko, hivyo nililala nikinusa sombe, kisamvu cha kwetu, na kuamka nikisikia redio. Sikulipa kodi ya maana. Nilibeba magunia ya unga kutoka dukani, nilibadilisha balbu, nilizozana na mwenye nyumba kwa Kifaransa changu cha shule. Kwa hiyo Jumapili, kuku alipopikwa, Maman Albertine alinipa firigisi. Wanaojua desturi zetu wanajua maana yake. Firigisi haiombwi, wala haigawiwi ovyo. Ni ya baba mwenye nyumba. "Ile gésier njo ya mwanaume," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho njo ni ndiyo, akiiweka juu ya bukari langu, ugali wetu, mbele ya wageni wote. "Na hapa kwangu mwanaume njo Mado." Wageni walicheka, mimi nikatafuna taratibu. Sijawahi kupewa cheo kingine kilichonikaa vizuri kama kile.

Kila Jumamosi nilikwenda Uccle, upande mwingine wa mji. Kule aliishi Madame Claire, Mbelgiji mwembamba aliyekuwa amestaafu ualimu wa muziki, katika nyumba yenye bustani na chumba kimoja kikubwa ambacho hakikuwahi kupashwa moto, kwa sababu joto liliharibu sauti ya clavecin. Tulipiga tukiwa na makoti, na katikati ya mazoezi alituletea kahawa na biskuti za mdalasini tukapasha vidole kwenye vikombe. Violoncelle alikuwa Papa Kalenga, mtu wa Likasi, mnene na mcheshi, aliyefundishwa na wamisionari kisha akakimbilia kupiga gita la besi katika bendi za baa kabla ya kuja Ulaya. Mimi nilikuwa fidla ya kwanza. Fidla ya pili alikuwa bwana mmoja mwenye mvi asiyemsumbua mtu, akapiga nilivyotaka, mpaka alipohamia mji wa Gand kwa binti yake. Tukabaki na sonata yenye pengo, na tamasha letu la kiangazi lilikuwa limeshakubaliwa katika kanisa moja la Woluwe. Ndipo Papa Kalenga akakumbuka kwamba parokiani kwao amemwona msichana wa Bukavu, mkimbizi, aliyepiga fidla ya kuazima kama mtu anayesimulia habari. "Kamutafute, Mado," aliniambia. "Solo bila mi-solo, ni kelele tu."

Maneno hayo ya Papa Kalenga yalinitawala mwaka mzima, kwa hiyo niyaeleze. Sisi tulikulia katika muziki wa magita. Kwetu kila bendi ina gita la solo, linaloimba juu na kupigiwa makofi. Chini yake kuna mi-solo, linalojaza katikati, linarudiarudia na halipandi kamwe mbele ya solo. Kisha rithimu, kisha besi. Papa Kalenga alipoiona sonata kwa mara ya kwanza aliipanga hivyo hivyo: Mado ni solo, wa pili ni mi-solo, clavecin ni rithimu, yeye ni besi. Sisi wote wawili tuliridhika na mpango huo. Haikutujia kwamba Waitaliani wa kale hawakuwahi kusikia habari za mi-solo.

Nilimkuta Espérance, ndiye Espé, katika kituo cha wakimbizi, akishiriki chumba na wanawake wengine, madirisha yakitoa jasho. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na miwili, mimi nilimzidi kidogo. Aliniita yaya tangu neno la kwanza. Nilipomsikia akipiga pale pale, ameketi juu ya ukingo wa kitanda, niliwaza mambo mawili kwa pamoja: huyu atatufaa, na huyu atanisumbua. Nikalichagua lile la kwanza. Jioni ile nilimwambia Maman Albertine kwamba msichana yule analala mahali pa baridi na hana mtu. Maman hakuniacha nimalize. "Kwetu muntu hawezi kulala vile na nyumba iko. Muende mumulete, leo leo." Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maman Albertine alipona kweli. Mimi ndiye niliyeugua.

Ilianza na vitu vidogo. Espé aliamka kabla yangu akakanda mikono ya Maman, iliyokuwa ikimuuma asubuhi. Espé alipika bugali, kama wanavyosema watu wa Bukavu, laini kuliko bukari letu, na Maman, aliyekuwa ameapa kwamba watu wa Kivu, jimbo la kina Espé, hawajui kupika, akaongeza sahani. Mimi nilipochelewa kurudi, hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, kwa kuwa walikuwa wawili mbele ya televisheni, miguu yao chini ya blanketi moja. Nilikaa peke yangu kwenye kiti cha mbao nikijifanya nasoma. Donge lilinikaa hapa, chini ya koo, na halikushuka hata kwa chai. Wala Espé hakunipa sababu hata moja ya kumchukia waziwazi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angekuwa na kiburi, ningejua la kufanya. Yeye alinifulia soksi.

Alasiri moja nilikuwa nimelala na mafua, wao wakidhani nimetoka. Maman Albertine alikuwa jikoni akizungumza kwa simu na dada yake aliyeko Lubumbashi, kwa sauti ile watu hutumia wakidhani umbali unahitaji makelele. Alisimulia bei za vitu, alisimulia kifo cha jirani, kisha akafika kwetu. "Mado? Mado iko muzima. Ule iko nguvu, ule hata ungemuacha mu pori atatoka na nyama." Nikatabasamu chini ya shuka. "Lakini huyu mudogo, alors, huyu njo Mungu alinitumia. Mi sikuzalaka, unajua. Bon. Sasa ni kama nimezala." Nilibaki nikiutazama ukuta. Niliwahi kuachwa na mchumba, niliwahi kunyimwa kazi, lakini hakuna maneno yaliyonichoma kama yale, kwa sababu hayakusemwa kwa ubaya. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile niliishona mimi.

Kule Uccle nako hakukuwa na nafuu. Sehemu ya polepole ya sonata ile imejengwa juu ya jambo moja tu, na Madame Claire alitueleza akigonga vidole kwenye mbao za clavecin. Fidla moja inashika nota na kukaa. Nyingine inakuja kando yake, karibu mno, mpaka zinasagana na masikio yanauma. Aliyekaa ndiye anayepaswa kushuka. Akishuka, maumivu yanaisha. Kisha wanabadilishana, yule mwingine anashika, na huyu anakuja kumsukuma. Alituhesabia kwa tarakimu za besi, "sept," yaani saba, akisubiri, akikunja uso, "six," yaani sita, akiachia pumzi. Sept ndipo panapouma na six ndipo panapopona. Papa Kalenga alisema ni kama wake wenza jikoni. Mimi nilikuwa nikishika nota yangu na, Espé alipokuja kunisukuma, nilikaa kidogo zaidi ya ilivyoandikwa. Sikutaka kushuka. Madame Claire alisimama, akasema, "Mado, ukikawia hivyo, yeye hana pa kwenda." Nilitaka sana asiwe na pa kwenda.

Halafu kulikuwa na mahali pale. Karibu na mwisho wa sehemu ile, fidla ya pili inaruka na kupanda juu ya ya kwanza, na kwa muda inaimba kule juu peke yake huku ya kwanza ikizunguka chini. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yake tu. Sikuiona ya kwake. Nilichosikia ni mi-solo anayeacha kazi yake na kunipanda kichwani. Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Mara ya pili nilijua anajionyesha. Nikaongeza sauti, naye hakushindana, akaendelea vilevile. Tulipofungasha nikamwuliza kwenye ngazi, "Espé, kule juu unatafuta nini?" Akanitazama kwa macho makubwa. "Yaya, ni vile bameandika." Nikamjibu kwamba hata kama wameandika, mtu ana masikio.

Wiki zilizofuata Madame Claire alitoa shauri ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. Wapigaji wa zamani, alisema, walipenda kubadilishana karatasi, maana fidla hizi mbili ni sawa. Basi katika sehemu ya polepole Espé apige ya kwanza na mimi nipige ya pili, nione raha yake. Papa Kalenga akainamisha kichwa juu ya violoncelle yake kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nilisema, "Madame, kwetu solo haibadilishani na mi-solo." Akauliza hiyo mi-solo ni nini. Papa Kalenga akaeleza, akipiga gita la hewani, na Madame Claire akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akachukua karatasi ya Espé kutoka kwenye stendi yake, akaninyooshea. "Hapa hakuna mi-solo, mpenzi wangu. Hapa kuna solo mbili. Tazama." Espé alikuwa amesimama ameshika upinde kwa mikono miwili. Nilitazama bustani. Nilisema kahawa inapoa. Karatasi ile ilibaki hewani kidogo, kisha ikarudi ilikotoka.

Tamasha lilikuwa alasiri ya joto, kanisa limejaa nusu, na Maman Albertine ameketi mstari wa mbele na pagne yake mpya, kitenge cha maua, mkoba juu ya mapaja. Sehemu za haraka zilikwenda vizuri. Niliongoza, wakanifuata, nilikuwa mwenye nyumba. Ikaja ile ya polepole. Nilishika, akaja, nikashuka. Akashika, nikaja, akashuka. Tukafika mahali pale. Nilikuwa nimejiandaa: nikaukaza upinde na kutoa sauti yote niliyokuwa nayo, kule chini. Na Espé akapunguza. Alipanda juu yangu kwa sauti ndogo, ndogo hata watu wakaacha kujipepea ili wamsikie, na kanisa zima, naapa, liliegemea upande wake. Nilimwona Maman Albertine akitoa kitambaa. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na nilichoweza kufikiri ni kwamba si mimi ninayekifanya.

Jumapili yake kuku alipikwa. Papa Kalenga alikuwepo, na wageni wawili wa parokia. Maman alipakua, akazunguka meza na kijiko chake kikubwa, na alipofika kwangu aliniwekea paja zuri lenye mchuzi mwingi, akapita. Firigisi ikatua kwenye sahani ya Espé. Hakuna aliyecheka safari hii. "Leo njo ya huyu," Maman alisema kwa upole. "Jana alinilizisha mbele ya bazungu." Espé alishtuka kuliko mimi. Akachukua kisu, akaikata firigisi katikati, akainyanyua nusu moja na kuiweka kwenye sahani yangu. Nilikula paja, nilikula bukari, nilipangusa mchuzi wote. Ile nusu niliiacha pale pale pembeni, na Maman alipoondoa sahani aliiona. Kabla ya majira ya baridi nilikuwa nimepata chumba changu mtaa wa Ixelles. Nilisema ni kwa sababu ya kazi.

Maisha yana kejeli zake. Mimi ndiye niliyebaki na fidla. Nimefundisha watoto wa watu wa Uccle kwa miaka mingi, mgongo wangu unajua. Espé akasomea uuguzi, akafanya kazi katika hospitali ya Woluwe, akaolewa na Justin, akazaa, na fidla akaiweka juu ya kabati. Hata hilo nililionea wivu, jinsi alivyoiweka chini bila kuumia, kama mtu anayetua mfuko. Tuliendelea kupigiana simu sikukuu. Aliniita yaya mpaka mwisho. Madame Claire alitangulia, Papa Kalenga akamfuata, hatukuipiga tena sonata ile hata siku moja, na sasa katika wale wanne nimebaki mimi.

Wiki ile ya matanga nilijifungia, nikatoa karatasi yangu ya fidla ya kwanza, nikapiga. Ilikuwa vibaya. Nilishika ile nota ndefu nikimngoja anisukume, na hakuna aliyekuja. Nota ile bila mtu wa kusagana nayo haina uchungu wala utamu. Ni nota tu, imekaa. Nikateremka kwa sababu imeandikwa niteremke. Nilirudia mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikampigia Justin, nikamwuliza kama karatasi ya Espé bado ipo. "Iko mu kesi ya violon, yaya, pardon, hatukutosha kitu." Akaniletea mwenyewe, ikiwa bado ndani ya kasha la fidla, haijatolewa. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. Nilikwenda moja kwa moja mahali pale, na nota zilikuwa zimepanda juu ya mistari, nyeusi, zimechapwa kwa wino uleule wa nyingine zote. Nikazitazama muda mrefu. Nilijua tangu zamani kwamba zipo, mtu haishi na muziki miaka yote hii asijue. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuziona ni kingine. Katika matanga tunamzungumzia aliyekwenda. Sauti yangu wameisikia vya kutosha. Nikaamua nitapiga ya pili.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, picha ya Espé katika fremu yenye maua, wanawake wamevaa pagne za aina moja, harufu ya kuku na sombe kutoka jikoni. Maman Albertine alikuwa mbele, mdogo kama mtoto ndani ya shali lake. Anakaribia miaka tisini na macho yake yamebakiwa na mwanga tu, hatambui nyuso. Nilimsalimu kwa kumshika mikono, akauliza ni nani, akaambiwa, lakini kelele za ukumbi zikalimeza jina langu. Sijui kama alisikia. Nikasimama. Fidla ya pili haianzi. Inangoja ya kwanza iseme kwanza. Kwa hiyo nilikaa kimya mbele ya watu wote nikiwa nimeinua upinde, nikiisikia kichwani karatasi yangu mwenyewe, na nadhani walidhani nimezidiwa na machozi. Kisha nikaingia. Nilimsukuma asiyekuwepo. Nilishika, nikasukumwa na asiyekuwepo, nikashuka kwa wakati wake, kama Madame Claire alivyotaka. Tulipofika mahali pale, nikapunguza sauti, nikapanda.

Maman Albertine akainua kichwa. Akamshika mkono mwanamke aliyeketi karibu naye, akasema kwa sauti ya juu ya wasiosikia vizuri, ukumbi mzima ukasikia: "Njo Espé huyu. Musikie. Njo mutoto yangu Espé." Hakuna aliyemsahihisha. Justin alificha uso. Na mimi, kule juu, upinde mkononi, donge lile la Koekelberg likanipanda kooni palepale linapokaa siku zote, zima, halijapungua hata punje. Nilitaka kusimamisha kila kitu na kusema ni mimi, Maman, ni Mado. Sikusimamisha. Nikaimaliza sentensi ya Espé mpaka mwisho wake, kwa sauti ndogo, kama alivyoimaliza yeye. Hapo karatasi yake ina pumziko, kwa kuwa ni zamu ya fidla ya kwanza kujibu. Nikateremsha upinde, nikatulia, nikamngoja Mado aingie.